Kiti cha nyuma: shajara ya mwongozo wa wahadhiri wapya, Tabora

Wiki ya 1, Jumatatu

Mradi umeanza rasmi leo saa nne asubuhi, chumba cha mikutano cha maktaba. Tuko wanne: mimi kutoka Idara ya Elimu, mkutubi wetu, mwalimu mmoja wa Hisabati, na mzee wetu mmoja aliyestaafu ambaye bado anafundisha kwa mkataba. Kazi tuliyokabidhiwa imeandikwa kwa mstari mmoja: kuandaa mwongozo wa kufundishia na nyenzo kwa wahadhiri wapya, ukamilike kabla ya wiki ya 15.

Muhula huu tumepokea wapya watano. Watatu ni wakufunzi wasaidizi waliomaliza shahada ya kwanza juzijuzi, wawili ni wahadhiri wasaidizi wenye shahada ya uzamili. Vichwa wanavyo, maana mkufunzi msaidizi haajiriwi bila GPA ya juu, yaani wastani wa alama zake za shahada. Lakini GPA inatuambia kwamba mtu huyu alijua kusoma. Kufundisha ni kazi nyingine. Mwalimu wa darasa la kwanza pale Isevya amepita chuo cha ualimu, amefanya mazoezi ya kufundisha, mkufunzi wake amekaa darasani na kumwandikia alichokiona. Mhadhiri mpya wa Uchumi anapewa ratiba, ufunguo wa ofisi na madesa ya aliyemtangulia, kisha anaonyeshwa ukumbi wenye watu 200.

Mzee alitukumbusha jambo ambalo sisi watu wa Tabora hatuchoki kulisikia: Nyerere alipokuja kufundisha St. Mary's mwaka 1946 alikuwa ametoka Makerere na stashahada ya ualimu. "Hata yeye alifundishwa kwanza namna ya kufundisha," alisema. Nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi.

Wiki ya 1, Alhamisi

Sikutaka kuandika hata neno moja kabla ya kuwasikia wenyewe. Nimewaita wote watano chini ya mwembe wa nyuma ya maktaba, tumeagiza chai ya tangawizi na karanga, nikawauliza: unaogopa nini?

Wa kwanza anaogopa kuulizwa kitu asichokijua. Wa Sosholojia ana slaidi 94 kwa kipindi cha saa mbili. Nilidhani anaogopa zisimalizike, kumbe anaogopa kumaliza mapema akakosa la kusema. Wa tatu anaogopa kusahihisha, kwa sababu hajawahi kumpa mtu alama maishani mwake. Wa nne, binti mdogo kuliko wote, anafundisha darasa lenye walimu waliokuja kusoma wakiwa kazini, wengine wana umri wa mama yake. "Nikisema 'wewe pale' najisikia vibaya. Nikimwamkia shikamoo, darasa zima linageuka kuniangalia." Mzee ndiye aliyemjibu: "Mwanangu, shikamoo mpe mlangoni kabla hujaingia. Ukishaingia mwite Mwalimu. Si ndivyo alivyo? Naye ataona umemheshimu mbele ya watu." Jibu hilo linaingia kwenye mwongozo kama lilivyo.

Wa tano, wa Takwimu, alikaa kimya mpaka chai ikaisha. Ndipo akasema kwamba tangu aajiriwe hakuna mtu aliyemwona akifundisha. "Nikikosea, Mwalimu, nani ataniambia?"

Nimerudi ofisini na swali hilo. Hakuna hata mmoja aliyeomba nadharia.

Wiki ya 2, Ijumaa

Rasimu ya kwanza imekamilika: kurasa 71. Nimeikesha siku tatu. Ndani yake kuna historia ya ufundishaji wa vyuo vikuu, nadharia za kujifunza, aina za mihadhara, maadili ya kazi, kila kitu.

Mkutubi aliishika, akaipima mkononi, akaniuliza kwa upole: "Dada, mtu mwenye kipindi kesho saa mbili asubuhi afungue ukurasa upi?" Nilifunua, nikafunua tena. Hapakuwa na ukurasa huo. Imeniuma, kwa sababu nilijua amesema kweli.

Tumekubaliana kanuni moja. Kila ukurasa ujibu swali ambalo mhadhiri mpya anakuwa nalo usiku wa kuamkia kipindi, na kurasa zipangwe kwa wiki za muhula: kipindi cha kwanza kabisa, wiki ya kwanza ya semina, kutunga jaribio, kusahihisha, kutunga mtihani wa mwisho. Lisilo na wiki yake linatoka.

Tumetoa historia yote. Tumetoa pia sura ya mitindo ya kujifunza, lile wazo kwamba kuna mwanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kushika, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Niliipenda sura hiyo, na nimewahi kuifundisha. Lakini mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wa wazo hilo na hawakuona msingi wa kutosha wa kulitumia darasani. Siwezi kumpa kijana mpya kitu ambacho mimi mwenyewe sina tena imani nacho.

Wiki ya 3, Jumanne

Leo tumeshinda kwenye kazi moja tu: namna ya kueleza ulinganifu wa kozi.

Wazo lenyewe liliandikwa na John Biggs, mwanasaikolojia wa elimu kutoka Australia, mwaka 1996. Anachosema ni kwamba malengo ya kozi, shughuli za darasani na tathmini lazima viseme jambo moja. Mwanafunzi hujifunza kile anachoona kitapimwa, kwa hiyo ukiandika lengo zuri na kupima kitu kingine, lengo limekufa. Tulihangaika na istilahi zaidi ya saa moja. Mwalimu wa Hisabati alitaka "uwiano", mimi nilitaka "ulinganifu". Mkutubi, ambaye hafundishi darasa lolote, akasema: "Si ni mafiga hayo? Matatu. Moja likiwa fupi, chungu kinamwagika." Basi. Ukurasa unaitwa Mafiga Matatu.

Tumeuingizia mfano halisi kutoka kozi ya Historia ya mmoja wa wapya. Lengo lililoandikwa kwenye muhtasari wake: mwanafunzi aweze kutathmini nafasi ya Tabora katika biashara ya misafara ya karne ya 19. Figa la kwanza, refu na zuri. Darasani anasoma slaidi, wanafunzi wananakili. Figa la pili fupi. Na swali la mtihani wa mwaka jana alilorithi: "Taja sababu tano zilizoifanya Tabora kuwa kituo cha misafara." La tatu fupi kabisa. Mwanafunzi aliyekariri sababu tano anapata alama zote, na hajatathmini chochote.

Tulikaa naye tukalijenga upya. Darasani atawapa ramani ya njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kisha atawauliza: Mirambo, mtemi wa Urambo, alipopigana na Waarabu wa hapa Unyanyembe mwaka 1871 na njia ya Ujiji ikafungika, nani aliumia na nani alinufaika? Wanafunzi wabishane, watetee jibu lao. Mtihani utauliza swali la aina hiyohiyo kwa tukio jingine. Sasa chungu kimekaa. Kijana alipoona kwamba hahitaji slaidi 60 kwa kipindi hicho, ramani moja inatosha, uso wake ulifunguka. Kwihara yenyewe, palipokuwa na makazi ya Waarabu wa misafara, iko kilomita chache tu kutoka hapa. Akipata usafiri atawapeleka.

Kuhusu vitenzi vya malengo, tumeweka nusu ukurasa. Benjamin Bloom na wenzake walizipanga ngazi sita za kufikiri mwaka 1956. Mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl walizipanga upya kwa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kuunda. Tumeweka onyo moja tu kwa wino mzito: usiandike "mwanafunzi ataelewa", kwa sababu huwezi kuuona uelewa kwa macho. Andika atakachofanya ili ujue kwamba ameelewa: akokotoe, alinganishe, achore, atetee.

Wiki ya 3, Alhamisi

Hesabu ya krediti, kwa ufupi, maana wapya wote watano walikuwa hawaijui. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za mwanafunzi kujifunza. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Ukimfundisha saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, umetumia 45. Saa 55 zilizobaki ni zake: kusoma, kufanya kazi, kujadiliana na wenzake, kujiandaa na mtihani.

Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya kozi inafanyika wewe haupo. Mhadhiri mpya anapigana kumimina kila kitu kwenye zile 45, na hizi 55 anaziacha wazi bila kusema zitumikeje. Yule wa slaidi 94 alinyamaza kidogo, halafu akaniambia, "Kumbe nusu ya slaidi zangu ni kazi ya kujisomea." Amezipunguza hadi 31.

Wiki ya 4

Umeme umekatika Jumatatu hadi Jumatano mchana. Kompyuta zimelala. Tumefanya kazi ya mkono: kuhariri kurasa za "Kipindi cha Kwanza" kwa kalamu, chini ya mwembe. Imetufundisha kitu: tumeongeza aya ya namna ya kufundisha siku ambayo projekta haiwaki. Gawa ubao sehemu tatu, sehemu moja usiifute mpaka kipindi kiishe, na andika herufi ambazo mtu wa mstari wa mwisho anaziona. Kabla ya kuanza, tembea hadi nyuma uuangalie ubao wako mwenyewe.

Wiki ya 5, Jumatano

Leo nimekaa kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza, kwenye kipindi cha Takwimu cha yule kijana wa tano. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba. Nimechukua karatasi yenye safu tatu: saa, mwalimu anafanya nini, wanafunzi wanafanya nini. Sehemu ya alama haipo, na karatasi haiendi kwa mkuu wa idara. Baada ya mazungumzo inabaki kwake. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Tukiruhusu igeuke ukaguzi, hakuna atakayetukaribisha tena.

Ukumbi una watu kama 180. Kijana anajua somo lake, na sauti yake inafika hadi nilipokaa. Alieleza wastani na mediani, ile thamani ya katikati, akaandika fomula, akauliza, "Tumeelewana?" Ukumbi mzima: "Ndiyooo." Pembeni yangu kijana mmoja aliitikia pamoja na wenzake huku daftari lake likiwa na neno moja, mediani, na alama ya kuuliza iliyokolezwa mara tatu.

Nikaanza kuangalia saa. Kila alipouliza swali, nilihesabu sekunde kabla hajazungumza tena. Moja. Moja. Mbili. Moja. Katika kipindi chote aliuliza maswali saba na yote saba alijijibu mwenyewe.

Tulipotoka nikamwacha aanze yeye. "Hawa hawajibu," alisema, "nimewauliza sana leo." Nikamwonyesha safu ya sekunde. Akaisoma, akairudia.

Nikamweleza kazi ya Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani miaka ya 1970 na kukuta kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu baada ya swali. Walipozoeshwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi, na watoto ambao hawakuwa wakizungumza wakaanza kuzungumza. Kwetu sekunde hizo ni za lazima zaidi, kwa sababu mwanafunzi wetu analisikia swali kwa Kiingereza, analifikiria kwa Kiswahili, kisha anatafuta Kiingereza cha kujibia. Safari hiyo haiishi kwa sekunde moja. Tunawaita wavivu, na kumbe bado wako njiani.

Wiki ya 6, Jumatano

Kiti kilekile, kipindi kilekile. Wiki nzima kijana alikuwa amefanya kazi kwenye swali moja tu. Aliliandika ubaoni kabla wanafunzi hawajakaa vizuri:

Kiwandani wako watu 10. Tisa wanalipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Meneja analipwa 7,300,000. Mtu akisema "pale wanalipa wastani wa milioni moja", amesema kweli?

Alilisoma, akaweka chaki mezani, akanyamaza. Nilihesabu. Tatu, nne, tano. Aliingiza mikono mfukoni, nadhani ili isimsumbue. Sita, saba. Kisha akasema, "Mgeukie jirani yako mwambiane. Lugha yoyote. Dakika tatu."

Ukumbi ulilipuka kwa maneno. Nyuma yangu kidogo mabinti wawili walikuwa wanagombana kabisa:

"Milioni nani anaipata? Nionyeshe hata mtu mmoja."

"Lakini hesabu iko sahihi, jumla ni milioni 10, gawa kwa 10."

"Hesabu sahihi, habari ya uongo."

Yule wa mwisho ndiye aliyeitwa asimame. Akaeleza kwa Kiingereza cha kukatikakatika, lakini hoja ilisimama: wastani umevutwa na mshahara mmoja mkubwa, na mediani, ambayo ni 300,000, inamweleza mfanyakazi wa kawaida vizuri zaidi. Wakampigia makofi. Kijana wa daftari la alama ya kuuliza, aliyekaa mbele yangu safari hii, alikuwa ameandika mistari minne kwa maneno yake mwenyewe.

Nimefundisha miaka mingi, na leo nimetoka darasani nikiwa na furaha kama ya siku yangu ya kwanza ya kazi.

Njia hii ya kufikiri peke yako, kuongea wawili wawili, kisha kuwaambia wote, ilielezwa na Frank Lyman mwaka 1981. Tumeipa ukurasa mzima, na mfano wa mishahara umo.

Wiki ya 7, Ijumaa

Kikao kirefu, mabishano mawili.

La kwanza lilitoka kwa mwalimu wa Hisabati. Anasema haya ya kuongea wawili wawili yanapendeza kwa macho, lakini je, yanafaulisha? Ni swali la haki. Nilimletea uchambuzi wa Scott Freeman na wenzake wa mwaka 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Katika madarasa ya mhadhara mtupu waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8, katika madarasa ambayo wanafunzi walifanya kazi wakiwa darasani, asilimia 21.8. Aliusoma wote usiku, majedwali kwa majedwali, akarudi leo na kusema, "Nimekubali. Ila andikeni kwamba mhadhara hautupwi." Naye ni kweli. Kuna siku mwalimu anatakiwa kueleza, aeleze vizuri, dakika 15, kisha awape kazi. Tumeiandika hivyo.

La pili ni lugha. Mwongozo tunauandika kwa Kiswahili, na wenzetu wawili wa kitivo wameandika barua kuuliza kwa nini, ikiwa chuo kinafundisha kwa Kiingereza. Nimewajibu kwa heshima. Mhadhiri mpya anapozungumza na mwenzake kuhusu kilichomshinda darasani, anazungumza Kiswahili. Akikaa na mkewe au mumewe jioni akaeleza siku ilivyokwenda, ni Kiswahili. Mwongozo huu unaingia kwenye mazungumzo hayo. Vipindi na mitihani vitaendelea kwa lugha ya kanuni. Zile dakika tatu za kumwambia jirani zibaki huru. Mimi naamini kwamba mwanafunzi akishalielewa jambo kwa lugha yake, Kiingereza cha kulieleza atakitafuta. Asipolielewa, hata Kiingereza kikiwa kizuri hana cha kusema nacho. Hapo sirudi nyuma.

Wiki ya 8, Jumatatu

Majaribio ya katikati ya muhula. Wote watano wamezama kwenye karatasi. Nimeandika ukurasa wa kusahihisha kwa mkono wangu na sikutaka mtu anisaidie.

Nilipoanza kazi, chuo kingine, zamani, nilipewa madarasa mawili makubwa na hakuna aliyenionyesha namna ya kusahihisha. Nilipouliza niliambiwa, "Utazoea." Nilisahihisha karatasi moja hadi mwisho, kisha nyingine, usiku kwa taa ya chemli. Za kwanza niliwabana, za mwisho nimechoka nikawaachia. Karatasi niliwarudishia wiki ambayo mtihani wa mwisho ulikuwa umeshapita. Binti mmoja alikuja na karatasi yake akasema, "Madamu, ningeona hili kosa mapema nisingelirudia." Alikuwa amelirudia, na alipata sapu, yaani alitakiwa kurudia mtihani. Sijamsahau sura yake.

Kwa hiyo ukurasa unasema hivi. Soma karatasi 20 bila kuweka alama, uone wanafunzi wamelielewaje swali lako; wakati mwingine kosa liko kwenye swali. Kisha andika mwongozo wako wa kusahihishia, alama kwa alama. Sahihisha swali la kwanza kwa watu wote, ndipo uende la pili, na kila swali changanya upya bunda ili asiwe mtu yuleyule anayekukuta umechoka. Funika majina. Makosa yanayojirudia yaandike pembeni, na kabla karatasi hazijaisha, kipindi kinachofuata, wape darasa ukurasa mmoja wa mrejesho: mmefanya vizuri hapa, wengi mmejikwaa hapa, na njia ni hii. Alama zinaweza kuchelewa siku chache, lakini mrejesho ukichelewa hauna kazi.

Wiki ya 10

Nyenzo. Mkutubi amefanya kazi kubwa hapa. Intaneti yetu si ya kutegemea, kwa hiyo ameshusha vitu na kuviweka kwenye flashi tano, moja kwa kila mtu. Amechagua tu vyenye leseni huria ya kunakili na kugawa. Kuna kozi huria za MIT, chuo kikuu cha Marekani, mradi ambao chuo hicho kiliutangaza mwaka 2001, kwa ajili ya kuona wenzetu wanavyotunga maswali na mazoezi. Tumewaambia wasizibebe nzimanzima, mwanafunzi wa Tabora ana mifano yake. Kuna nyenzo za TESSA, zilizotayarishwa kwa ajili ya elimu ya walimu Afrika. Zipo hadi za Kiswahili, na japo zinalenga zaidi walimu wa shule, shughuli zake nyingi zinafaa semina. Kuna mitihani yetu ya zamani iliyopita kwa watahini wa nje, pamoja na maoni yao, majina yameondolewa. Hiyo ya mwisho ndiyo wanayoifungua zaidi.

Mwongozo sasa una kurasa 24 za ukubwa wa nusu karatasi. Fundi wa steshenari karibu na geti amepiga hesabu: pande 12 za karatasi kamili, shilingi 100 kila upande, nakala moja 1,200. Nakala 40 ni shilingi 48,000. Tumechanga wenyewe ili zisisubiri malipo ya ofisi.

Wiki ya 12, Alhamisi

Hadi leo, viti vya nyuma: kila mpya ametembelewa mara mbili, na kila mpya amekwenda kukaa darasani kwa mwenzake angalau mara moja. Binti wa darasa la walimu amekaa kwa Mzee na kurudi na kitu ambacho hatukuwa tumekiandika: Mzee hufika dakika 10 kabla, husimama mlangoni na kusalimiana na kila anayeingia. Kwa hiyo anapoanza, watu 40 wameshaongea naye. Kimeingia ukurasa wa 2.

Halafu Mzee mwenyewe alikuja ofisini kwangu juzi mchana, akakaa, akavua kofia. Amefundisha tangu kabla baadhi ya hawa vijana hawajazaliwa. "Na mimi nataka mtu akae nyuma yangu," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimesikia habari za sekunde, nimejichunguza, nadhani na mimi sisubiri." Aliomba aje yule kijana wa Takwimu.

Kijana alikwenda jana. Aliogopa sana kumpa karatasi mzee wa umri ule. Alimwamkia, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Mzee aliisoma safu ya sekunde kwa miwani na kidole, akasema, "Wabeja, mwanangu," yaani asante, akaikunja na kuitia mfuko wa shati.

Wiki ya 14, Ijumaa

Hali ya mradi leo. Mwongozo umechapwa, nakala 40, 31 zimeshatoka. Wengi waliochukua si wapya, ni walimu wa miaka mingi. Flashi zote tano zinatumika, moja imeingia virusi na mkutubi ameisafisha. Fomu ya kiti cha nyuma imekubaliwa na vitivo viwili. Cha tatu kinataka iwekewe alama, na tumekataa, mazungumzo yanaendelea.

Vilivyobaki: ukurasa wa mwanafunzi asiyeona na asiyesikia haujaandikwa. Nimejaribu mara mbili na kuufuta, kwa sababu nilikuwa naandika kwa kudhani. Jumanne nakutana na wanafunzi watatu wenyewe, pamoja na mkalimani wa lugha ya alama, wanieleze ukumbi wetu ukoje kutoka walipokaa. Ukurasa wa kutunga mtihani wa mwisho unahitaji mifano miwili zaidi ya sayansi. Aya ya ubao iongezewe mchoro.

Jumatatu saa mbili asubuhi nina kipindi cha mwaka wa pili. Wa Sosholojia ameomba kuja kukaa nyuma. Nimemwachia fomu kwenye sanduku lake la barua.